Msimamizi Kwanza: Mafunzo ya Saikolojia Tiba Nyanda za Juu Kusini

Shahada ya uzamili ya saikolojia tiba nchini mwetu inafahamika zaidi kwa jina la Muhimbili, Dar es Salaam. Nasimama hapa kutetea jambo moja: sehemu kubwa ya mafunzo yake kwa vitendo ifanyike huku, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, na fedha itakayopatikana kwanza imwajiri msimamizi kabla ya kuongeza kozi hata moja.

Sababu yangu iko kwenye foleni za kliniki zetu. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakikaribia asilimia 5 nchini kote, lakini Iringa yalikuwa asilimia 11.3 na Mbeya 9.3. Nyuma ya takwimu hizo wapo watu watakaomeza dawa maisha yao yote, na mwenye sonona huziacha kwa urahisi. Sasa mgonjwa wa kliniki ya VVU (CTC) anapokonda, akachoka na kukosa usingizi, je, ni sonona, kifua kikuu, VVU vyenyewe, au msiba ambao hajaulilia? Kitabu kinaziorodhesha dalili hizo zote. Kuzitenganisha hujifunzwa mbele ya mgonjwa, pembeni akiwepo mtu aliyekwisha kuzitenganisha mara nyingi. Vivyo hivyo kwa bibi wa Kisafwa au Kihehe anayetafsiriwa na mjukuu wake: ni nani atakayemfundisha mwanafunzi kwamba mambo mazito hayatatajwa mpaka mjukuu atoke nje? Na aliyenusurika kujiua anafika wodini huku kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kikimhesabu mkosaji. Hofu hiyo humfunga mdomo, na hakuna mtihani wa kuandika unaopima namna ya kumfungua.

Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba nchi maskini haihitaji wataalamu wa uzamili. Wanataja Harare, ambako wahudumu wa jamii, wengi wao akina bibi, waliwasaidia wenye sonona wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha kuwa waliosaidiwa hivyo walipona vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nayakubali matokeo hayo kwa moyo wote. Lakini bibi wale walifundishwa, wakasimamiwa, na wakawa na mahali pa kumpeleka mgonjwa aliyewazidi. Ukimwondoa mtaalamu, mpango huo unabaki bila mgongo. Kwa hiyo Harare inatuonyesha kazi ya mhitimu wetu: kuwalea washauri nasaha wa Rungwe na Kilolo, jambo asiloliweza asiyewahi kulelewa mwenyewe.

Pingamizi gumu zaidi ni kwamba wasimamizi wenyewe hawapo. Ni kweli, na hawatakuwepo maadamu chuo na hospitali kila kimoja kinamsubiri mwenzake aajiri. Nafasi moja ya pamoja Mbeya na nyingine Iringa, mshahara ukigawanywa kati ya chuo na hospitali, inatosha kuanzia. Sharti langu ni moja: asihitimu mwanafunzi ambaye msimamizi hajawahi kukaa naye chumba kimoja akimhudumia mgonjwa.