Tuliyojifunza Mwaka wa Kwanza wa Sheria

(Hotuba ya wanafunzi wa sheria kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Mlituita tueleze tunasomea nini huko chuoni, na pengine mwataka kujua kama ile harambee ya karo ilikwenda mahali pema.

Kwanza tuseme ukweli. Tangu chuo kifungwe, watu wanatuita "wakili" njiani. Sisi si mawakili. Digrii ya sheria ni miaka 4, halafu kuna Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, mitihani yake, na miezi 6 ya kufunzwa kazi chini ya wakili mwenye uzoefu. Asiyehitimu akijifanya wakili anavunja sheria. Kwa hivyo msitupe pesa ati tuwaandikie hati.

Sheria ya elimu ya sheria ya 2012 inataja masomo 16 ya lazima. Mwaka wa kwanza tulianza na mikataba, jinai, katiba, na sheria ya madhara, yaani mtu akikuumiza ingawa hamkuwa na mapatano. Tulidhani tutakariri vifungu. Kumbe kazi kubwa ni kusoma hukumu: ni nini kilitokea, swali lilikuwa gani, jaji alijibuje, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo ilitutoa jasho, kwa sababu ndiyo inayofuatwa na mahakama za chini. Kwa Katiba ya 2010, uamuzi wa Mahakama ya Juu unazifunga mahakama nyingine zote.

Kesi ambayo hakuna mwanafunzi anayeisahau ni ya konokono. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, Uskoti, mama mmoja aitwaye May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, ndani haionekani. Alipokwisha kunywa kiasi, iliyobaki ikamiminwa, na ikasemekana konokono aliyeoza akatoka. Akaugua. Lakini soda hakuinunua yeye, basi hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Amshtaki nani? Akamshtaki mtengenezaji, Bwana Stevenson. Mwaka 1932 majaji wa Uingereza wakagawanyika, 3 kwa 2, na mama akashinda hoja yake. Jaji Atkin alirudi kwa swali ambalo nyinyi mwalijua kutoka Injili ya Luka, la yule mwanasheria aliyetaka kujua jirani yake ni nani. Atkin akasema katika sheria jirani ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria, kwa kuwa kitendo chako kinaweza kumdhuru. (Na huyo konokono hakuthibitishwa kamwe mahakamani, maana kesi iliishia kwa mapatano.)

Kenya ilirithi sheria ya Kiingereza, na kesi hii hutajwa katika mahakama zetu mpaka leo. Sasa nyinyi mnaouza maziwa ya mala, mtoto wa shule akinywa chupa ambayo haikuoshwa vizuri, msiseme "sisi tulimwuzia mwenye duka tu." Huyo mtoto ni jirani yenu.

Lakini somo lililotugusa karibu zaidi ni la mikataba. Likizo hii mama mmoja wa kikundi alituletea ukurasa wa daftari. Walikuwa wamenunua robo ekari ya kujenga banda la kuku, na nusu ya bei imelipwa. Muuzaji alitia sahihi. Wao hawakutia, wala hapakuwa na shahidi. Tulitazamana tukanyamaza, maana tulikuwa tumesoma jambo hilo hilo: mapatano ya kuuza ardhi lazima yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo ikitiwa. Tena shamba la kilimo lataka kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kwisha tangu mapatano. Kibali kikikosekana, mapatano hayana nguvu, ingawa pesa iliyolipwa yaweza kudaiwa kama deni.

Tulimsindikiza kwa wakili. Bahati yao, muuzaji yu hai na hana hila, akakubali kuandika upya. Angalikuwa amekufa, wale kina mama wangekuwa wakibishana na wanawe.

Baada ya chai, tafadhali kila kikundi kilete karatasi zake za ardhi na za mikopo. Tutazisoma pamoja nanyi, na zenye kasoro tutawaambia mzipeleke kwa wakili kabla miezi haijapita.