Kibanja Kimoja, Nyumba Nyingi: Namna ya Kusoma Anwani ya Tovuti



Huduma nyingi za Serikali sasa hupatikana kwa njia ya mtandao. Mfanyabiashara wa Kemondo huomba leseni kupitia tausi.tamisemi.go.tz, mhitimu wa kidato cha nne aliyeko Kamachumu hubadilisha machaguo ya tahasusi kupitia selform.tamisemi.go.tz. Anwani hizo mbili zina mwisho mmoja, na anayeujua mwisho huo hatapeliwi kwa urahisi.

Huku Kagera, mwenye kibanja huweza kujenga nyumba ya pili ndani ya mipaka yake bila kununua ardhi nyingine. Kikoa, yaani jina la tovuti lililosajiliwa, ni kama kibanja. Nyumba iliyoongezwa ndani yake ni kikoa tanzu. Chama cha ushirika chenye kikoa chake, kikitaka ukurasa wa bei za kahawa, huingia kwa nywila katika paneli ya kuendeshea tovuti, hufungua sehemu ya vikoa tanzu, huandika neno "kahawa", huchagua folda ya kuhifadhia kurasa, kisha huthibitisha. Jina jipya halihitaji kusajiliwa upya. Huenda zikapita saa chache, pengine hata siku mbili, kabla anwani haijafunguka kila mahali.

Kwa kuwa mwenye kibanja ndiye pekee anayejenga humo, anwani husomwa kutoka kulia, kuanzia pale jina linapoishia kabla ya alama ya mkwaju. Jina linaloishia .go.tz ni la taasisi ya Serikali ya Tanzania. Tapeli aweza kutanguliza maneno "tamisemi.go.tz" na kumalizia kwa jina lake lenye .com, hapo kibanja ni chake, si cha TAMISEMI. Alama ya kufuli nayo haitoshi: huonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na tapeli naye huweza kuipata.

Halmashauri ya Wilaya ya Muleba hutumia mulebadc.go.tz, ya Bukoba bukobadc.go.tz, na Manispaa ya Bukoba bukobamc.go.tz. Anwani inayodai huduma ya Serikali bila kuishia .go.tz isipewe nywila wala fedha. Mwenye shaka na aulize kwanza katika ofisi ya Mtendaji wa Kata.