BOMU LA WARUSI HALITALINDA BENI

Maneno yaliyosemwa mbele ya wachimbaji wa migodi na raia wa mji, Butembo na Beni



Mmetuuliza neno moja mara nyingi: "Wazungu wa Ulaya wametuchosha, watu wa ONU wametuchosha. Kwa nini tusiwaite Warusi? Wao wana bomu, dunia yote inawaogopa." Si swali la mchezo. Mtu aliyezika ndugu zake ana haki ya kuuliza nani atamlinda. Basi tuwaeleze namna Warusi wenyewe wanavyofikiri juu ya vita, halafu mpime.

Tuanze na bomu. Mawe yake yalitoka katika inchi yetu. Uranium ya Shinkolobwe, kule Katanga, ilichimbwa kwa mikono ya watu weusi kwa faida ya Union Minière, ikapelekwa Marekani. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka humo. Warusi walijaribu bomu lao la kwanza tarehe 29 Agosti 1949. Toka hapo wakubwa wale wawili walitazamana kama watu wawili wenye moto mkononi ndani ya nyumba moja ya nyasi. Kila mmoja aliogopa kuwasha, kwa kuwa naye angeungua.

Warusi wana maneno mawili kwa jambo hili. Moja ni ustrashenie, ndiyo kutisha. La pili ni sderzhivanie, ndiyo kumzuia mtu asisogee, kama unavyomshika ng'ombe kwa kamba. Wakubwa wa jeshi lao hutumia zaidi hili la pili. Kwao kamba hiyo imesukwa kwa bomu, kwa roketi za kawaida, kwa biashara, kwa siasa na kwa habari, nayo huvutwa wakati wa amani na wakati wa vita. Mwaka 2013 jemadari Valery Gerasimov, mkuu wa majeshi yao, aliandika kwamba katika vita vya siku hizi njia zisizo za silaha mara nyingi hupita silaha kwa nguvu. Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Lakini kamba ina mwisho wake. Urusi ilipoingia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, hofu ya bomu iliwafanya Wamarekani na watu wa Ulaya wasipeleke majeshi yao kupigana. Haikuwazuia kupeleka silaha. Agosti 2024 askari wa Ukraine waliingia Kursk, udongo wa Urusi yenyewe. Tarehe 19 Novemba 2024 Urusi ikatangaza kwamba inchi isiyo na bomu ikiishambulia kwa msaada wa inchi yenye bomu, zote mbili zitahesabiwa kuwa zimeshambulia pamoja. Maneno yaliongezwa ukali, na vita havikusimama. Basi bomu humlinda mwenyewe, tena kwa sehemu tu.

Na rafiki wa mwenye bomu je? Mwaka 1960 Patrice Lumumba aliomba msaada, na ndege za Warusi zikafika. Mwezi wa Septemba Mobutu akawafukuza mabalozi wao, wakaenda. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Warusi walikemea sana, lakini hawakuingia vitani kwa ajili yake. Kila taifa hupima faida yake. Jirani zetu wa Afrika ya Kati waliwapokea Warusi wa Wagner toka 2018, na mgodi wa dhahabu wa Ndassima ukaingia mikononi mwa kampuni ya watu hao. Wachimbaji, jambo hilo lawahusu ninyi kwanza.

Tena hofu humzuia adui mwenye kitu cha kupoteza: mji, kiwanda, ikulu. Wauaji wa ADF, wanaochinja watu wa Beni toka Oktoba 2014, hawana mji. Wanalala msituni, wanahama, wanawavizia watu mashambani. Roketi gani itawatisha? Adui wa namna hii huzuiwa na askari aliyelipwa na kushiba, na raia anayetoa habari bila kuogopa, akaitikiwa usiku ule ule.

Sasa turudie neno la jemadari. Sisi tumekwisha kuona nguvu ya habari. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Desemba ile, Beni na Butembo tukanyimwa kura ya rais, kwa sababu, walisema, ya ugonjwa na usalama. Watu wakakasirika, na uvumi ukapata nguvu: ugonjwa huu ni siasa, ni biashara ya wakubwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Hatusemi Mrusi ndiye aliyeleta uvumi ule. Twasema serikali ilipovunja imani ya raia, iliacha mlango wazi, na kila mwenye kututakia mabaya ameuona.

Kwa hiyo chama chadai mambo matatu. Askari walioko mbele walipwe mshahara wao mzima. Mkataba wowote wa madini au wa ulinzi, na Mrusi, Mmarekani au Mchina, usomwe hadharani kabla ya kutiwa sahihi. Na kura yetu isiguswe tena.

Nanyi ndugu, habari ikifika katika simu yako, uliza nani aliona kwa macho yake, kabla hujampa mwenzako. Mlinzi tusiyeweza kumwajibisha atakuwa bwana mwingine, na sisi mabwana tumewajua vya kutosha.

Uhuru na umoja!