Usikaze Nati Kabla ya Kupima

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya masomo. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili. Lakini leo niruhusuni nizungumze juu ya pedali ya klachi.

Marehemu baba aliniachia Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe. Pedali yake ilikuwa na safari ndefu. Mguu ulizama mpaka sakafuni. Nami nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nikajiona natosha. Klachi ya gari hilo huvutwa kwa kebo, na mwisho wa kebo, kwenye giaboksi, ipo nati yenye masikio mawili. Nililala chini ya gari nikaikaza mpaka ulegevu wote wa pedali ukaisha. Nikajaribu barabarani: mguu kidogo tu, gia imeingia. Nilijisifu sana.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua mama kwenda Lushoto kumzika mjomba, kaka yake. Kutoka Mombo barabara hupanda mlima. Kabla ya kufika Soni injini ikanguruma kwa nguvu lakini gari halisogei, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Tulipofika kwa msaada wa wapita njia, kaburi lilikwisha kufukiwa. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hiyo nati ulimwuliza nani?"

Fundi aliyebadili sahani ya klachi alinieleza kwa utulivu. Ule ulegevu wa juu si ubovu. Pedali ya gari hilo hutakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kazi. Pasipo nafasi hiyo beringi hukandamiza klachi wakati wote, sahani haishikwi sawasawa, huteleza na kuungua. Tena kadiri sahani inavyolika nafasi hupungua, kwa hiyo hupimwa mara kwa mara.

Kisha akanionyesha njia. Kwanza, pima ulegevu kwa rula na uurekebishe. Pili, gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, kanyaga pedali yote, ngoja kidogo, ingiza gia ya nyuma. Rudia, ukikanyaga pungufu kidogo kila mara. Gia ikianza kukwaruza, umekwisha kujua klachi inaachia wapi. Tatu, weka kizuizi chini ya pedali, kupita mahali hapo kidogo, uache akiba, maana kebo hurefuka. Safari isiyo na kazi ilikuwa chini. Mimi niliikata juu.

Vijana, nyenzo tulifundishwa hapa hapa: ukifupisha safari ya mguu kwa kubadili wenzo, nguvu inayotakiwa huongezeka. Hakuna cha bure. Nilipata maksi nzuri katika somo hilo, lakini sikulibeba mpaka chini ya gari.

Gari hilo ninalo hadi leo, na gia zinaingia vizuri. Lakini kila nikishika nati ile hulisikia swali la mama. Basi someni, mpime, na mwulizeni anayejua, hata kama hana cheti.