Daftari Lisilale kwa Jirani



Kila apitaye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia hupaona Ruaha Mbuyuni: mibuyu imesimama pande zote, na vitunguu vimepangwa kando ya njia vikingoja wanunuzi. Mkulima hodari hana ugomvi na ghala la mwenzake. Akilazimika, huhifadhi humo magunia yake. Lakini haondoki kabla ya kuyahesabu, wala kabla ya kujua ufunguo unakaa kwa nani. Na mbegu ya msimu ujao haiachi yote huko.

Busara hiyo inahitajika leo katika ofisi na shule. Mwalimu huhifadhi mtandaoni picha za vyeti vyake, alama za wanafunzi na vitabu alivyonunua. Mtendaji wa kijiji hutuma orodha za wananchi kwa simu. Ghala hilo watu huliita wingu, lakini si wingu hata kidogo. Ni majengo yaliyojaa mashine, yenye wenyewe, na aghalabu yamo katika nchi za mbali. Mwenye mali haoni mlango wake, wala hamjui mwenye ufunguo.

Hatari ya kwanza imekwisha kuonekana hapa nchini. Zilizuka programu za simu zinazotoa mikopo midogo kwa haraka. Mkopaji alitakiwa kuiruhusu programu isome majina na namba zote zilizomo katika simu yake, naye kwa shida aliyokuwa nayo akakubali. Alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumfedhehesha ukapelekwa kwa wazazi, wakwe, marafiki na wakuu wake wa kazi. Aliyekopa ni mmoja, waliosumbuliwa ni wengi, na hao wengine hawakuulizwa lolote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Lakini namba iliyokwisha kunakiliwa hairudi katika simu ilikotoka kwa amri ya mtu yeyote.

Hatari ya pili ni ya vitabu. Mwezi Julai 2009, kampuni ya Amazon ya Marekani ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokwisha kuvilipia, kwa sababu muuzaji hakuwa na haki ya kuviuza. Wasomaji walirudishiwa fedha zao, na kampuni ikaomba radhi; lakini mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandika maelezo yake katika kitabu aliyakuta hayana tena maana, kwani maneno yaliyoelezwa yalikuwa yametoweka. Mwaka 2019 Microsoft nayo ililifunga duka lake la vitabu vya mtandaoni, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikafungwa pamoja nalo. Kimoja cha vitabu vile viwili vya Orwell kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere kwa jina la Shamba la Wanyama, kikachapishwa mwaka 1967. Aliyeitunza nakala yake ya karatasi tangu mwaka ule anaisoma hadi leo bila ya kuomba ruhusa, na akipenda atamrithisha mjukuu wake. Huyo ndiye mwenye kitabu. Yule mwingine alikuwa na ruhusa ya kusoma tu, na ruhusa huondolewa.

Hatari ya tatu haihitaji hata mtu mwenye nia mbaya. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na intaneti ikazorota nchini kwa siku kadhaa. Ofisi ambayo kumbukumbu zake zote zilikuwa ng'ambo ya nyaya hizo ilibaki ikingoja.

Hapana budi ieleweke kwamba huu si mwito wa kurudi nyuma. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania imewafikishia vitabu vya kiada walimu na wanafunzi walio mbali na miji, na hilo ni jambo la maendeleo. Lakini kujitegemea, kama Taifa lilivyofundishwa mwaka 1967, hakukuwa na maana ya kukataa msaada wa wengine. Maana yake ni kutouweka uhai wa mtu mikononi mwa asiyewajibika kwake.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa kazi gani, na ya kudai zilizokosewa zisahihishwe. Tume imeundwa kuisimamia. Lakini sheria humsaidia anayeuliza. Mtumishi aulize kabla ya kukubali. Vyeti na kumbukumbu muhimu ziwe na nakala nyingine, ya karatasi au katika kifaa kilicho mkononi mwake. Shule isiache kununua vitabu vya kushikika. Na jambo kubwa kuliko yote, mwalimu akumbuke kwamba alama za mtoto na namba ya simu ya mzazi si mali yake. Ni amana. Asiyekuwa mwenye mali hana idhini ya kuigawa, hata kwa kubonyeza mara moja tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kizazi hiki kimejifunza kuweka daftari, kisha kikampa jirani alale nalo. Likipotea, ataulizwa nani?