Kona Moja Haikatiki: Mazungumzo na Mafundi wa Mbao wa Magwagwa

Mwalimu wa karakana ya mbao alizungumza na mafundi na wanafunzi wa Wadi ya Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, kuhusu mashine ya kukatia mbao inayoongozwa na kompyuta. Tunachapisha maneno yake kwa manufaa ya wakazi wote.



Ubao wa MDF wa futi nane kwa nne ukishakatwa vibaya haurudi dukani. Hasara ni ya fundi, na mteja naye hakungoji. Magari ya Kisii yapo, atakwenda kununua kitanda kilicho tayari. Ndiyo maana leo nitaongea juu ya jambo moja tu: mashine ya CNC inapokata sana huku na kidogo kule.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nakata milango ya kabati la jikoni, MDF ya milimita 18, na mteja ameshalipa nusu. Kona tatu zikakatika vizuri, ya mbele kulia ikabaki na ngozi nyembamba chini. Nikaongeza kina milimita 1 kwenye kompyuta. Kona ile ikakatika, lakini upande wa pili biti ikachimba mtaro kwenye ubao wa kulalia, yaani ule tunaoufunga juu ya meza ili kuikinga. Niliharibu mbao mbili kabla ya kukubali kwamba kompyuta haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla hujagusa kompyuta, uliza: kasoro inakaa na meza, au inatembea na ubao? Chukua kipande kikubwa cha mabaki. Kata shimo dogo la kina cha milimita 3 kwenye kila kona na katikati, upime kwa kalipa. Zungusha kipande nusu mzunguko, ukate tena kando ya yale ya kwanza. Kama kona ya mbele kulia ya meza bado ina kina kidogo, shida ni meza au daraja linalobeba injini. Kama kasoro imehamia nyuma kushoto pamoja na ubao, ubao ndio mgonjwa.

Na huku kwetu mbao huugua sana, kwa sababu ya mvua. MDF ukiisimamisha kwenye sakafu ya simiti inakunywa unyevu, ukingo unavimba, na ukishavimba haurudi. Ilaze juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta. Pima unene kila kona kabla hujalipa; mwenye duka akinuna, mwache anune. Kama unakata kutoboa, weka sifuri ya mashine kwenye ubao wa kulalia, si juu ya ubao wa kazi. Herufi za kibao ni kinyume, kina chake huhesabiwa kutoka juu. Biti yenye ncha ya nyuzi 90 ikizama milimita 1 zaidi, mstari unapanuka milimita 2. Ndiyo sababu jina la duka huanza nene na kuishia jembamba.

Ikiwa ni meza, kwanza safisha reli. Vumbi hushikana kama ugali uliokauka. Hakikisha skrubu za ubao wa kulalia zimezama chini kabisa, biti isizikute. Chora mistari ya penseli ubao mzima, kisha upitishe biti pana ikikwangua nusu milimita. Penseli ikibaki mahali, hapo ni bondeni. Rudia mpaka mistari yote iishe. Ukiona matuta madogo kati ya njia na njia, injini imeinama, inyooshwe kwanza. Vaeni barakoa na miwani, vumbi la MDF si la mchezo. Na kwa kuwa ubao huo nao ni MDF, baada ya masika ukwangue tena hata kama ulikuwa sawa.

Kuna kasoro nyingine isiyo ya kona. Kazi inaanza vizuri, halafu kina kinaongezeka kidogo kidogo. Hapo biti inateleza. Zile za kuvuta vumbi juu hujivuta zenyewe kutoka kwenye kishikio. Weka alama ya kalamu ya wino pale biti inapoingia. Alama ikisogea, umempata mwizi. Fungua kishikio, kisafishe, ukaze.

Stima ikipotea katikati ya kazi, usibonyeze kuendelea. Mashine haijui tena ilipo. Irudishe nyumbani, uweke sifuri upya.

Wanaouliza mahali pa kujifunza: Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, kwa hiyo ulizeni katika chuo kilicho karibu nanyi kozi zinazotolewa.

Sasa tusogee mezani. Nani ana penseli?