Amani ya Yule Aliyesimama Njiani



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii ya 15 ya Mwaka C inatupeleka katika njia itokayo Yerusalemu kwenda Yeriko. Kwa urefu wa kilometa 27 hivi, njia hiyo hutelemka kiasi cha meta 1,000, ikipita katika nyika kavu yenye mawe na makorongo, mahali ambapo wanyang'anyi waliweza kujificha bila taabu. Hapo ndipo Bwana wetu anapomweka mtu aliyepigwa, akavuliwa nguo na kuachwa karibu ya kufa. Kuhani akapita. Mlawi akapita. Msamaria, mtu wa taifa lililodharauliwa na Wayahudi, akasimama.

Mara nyingi tumeisikia habari hii kama fundisho juu ya wajibu. Leo napenda tuitazame kwa upande mwingine. Ni nani kati ya watu hao watatu aliyelala usingizi mzuri usiku ule? Maana sote tunaitafuta amani ya moyo, na wengi wetu tunadhani kwamba tutaipata kwa kuyakwepa maumivu ya wenzetu. Tunasema: nina matatizo yangu ya kunitosha, nikifunga mlango wangu, nitatulia. Pengine kuhani na Mlawi waliwaza vivyo hivyo, wakapita upande wa pili wa njia. Lakini ili mtu apite upande wa pili, ni lazima kwanza awe ameona. Na jicho likishaona, moyo hauwezi tena kujifanya haujui.

Nasema hivi kwa sababu mimi nami nimewahi kupita. Katika mwaka wa pili wa upadre wangu, asubuhi moja ya Dominika, nilikuwa naendesha gari kwenda kuadhimisha Misa katika kigango cha mbali. Njiani mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alinipungia mkono. Nilimwona vizuri. Niliona pia jinsi kichwa cha mtoto kilivyolegea. Nikatazama saa: waamini walikuwa wananingoja, na zahanati ilikuwa nyuma nilikotoka. Nikajiambia kwamba gari lingine litapita, nikaongeza mwendo. Kuhani wa Injili alikuwa akitelemka kutoka Yerusalemu, hekalu likiwa nyuma yake. Mimi nilikuwa nakwenda kwenye ibada, nikauona udhuru wangu kuwa bora kuliko wake. Nilifika kwa wakati. Nilihubiri. Lakini nilipowatakia waamini amani ya Bwana, maneno yalinikwama kooni, kwa maana nilikuwa nagawa kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nacho.

Baada ya Misa nilirudi mbio. Mama hakuwapo. Chini ya mti nilikuta magunia mawili ya mkaa, moja limekwisha kufunguliwa na kupunguzwa na wapita njia. Nilipofika zahanati nilimkuta mtoto ametundikiwa dripu, mama yake ameketi kando ya kitanda. Nje, juu ya benchi, mwuza mkaa mmoja, Mwislamu wa kijiji cha jirani, alikuwa amelala fofofo, baiskeli yake imeegemezwa ukutani. Ndiye aliyeushusha mzigo wake na kuwapakia mama na mwanawe. Nilipomwamsha na kumweleza kwamba mkaa wake unaibwa, alinijibu kwa utulivu kuwa mkaa mwingine utachomwa. Mtoto alipona. Usiku ule aliyekosa usingizi ni mimi.

Wapendwa, neno la Kigiriki analolitumia Mwinjili Luka kueleza huruma ya Msamaria limetokana na jina la viungo vya ndani ya mwili. Analitumia pia kwa Yesu alipomwona mjane wa Naini akienda kumzika mwanawe wa pekee, na kwa baba aliyemwona mwana mpotevu angali mbali. Hata neno letu "rehema", lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, lina shina moja na neno la Kiebrania lenye maana ya tumbo la uzazi. Kuhurumia, basi, ni kumpa mwenzako nafasi ndani yako, kama mama ampavyo nafasi mtoto. Moyo uliompokea mwingine hupanuka, na katika upana huo mtu hupumua. Moyo uliojifunga hubanwa na nafsi yake yenyewe.

Huenda katekista fulani, au mama anayeuguza nyumbani, ananiuliza: Padre, mbona mimi nahurumia kila siku, na nimechoka? Mtazame tena Msamaria. Alitoa mafuta, divai, mnyama wake na usiku mmoja. Kesho yake alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, akamkabidhi mgonjwa, akaahidi kurudi, kisha akaendelea na safari yake. Hakuona haya kumshirikisha mwingine mzigo ule. Anayetaka kuubeba ulimwengu wote peke yake amesahau kwamba Mwokozi ni mmoja tu. Kwa hiyo, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tusiishie kuwaombea wagonjwa. Tupange nani atakwenda kesho kuchota maji na kupika, na nani atampokea zamu keshokutwa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani niliyemwona wiki hii, nikapita upande wa pili? Pengine ni ndugu ambaye hamjasemezana tangu siku ya kugawana shamba, au ni mjane aishiye nyumba ya tatu kutoka kwako. Usijitese kwa lawama. Amka kesho, umrudie. Mimi nilirudi nimechelewa, lakini nilirudi, na Mungu hakunifungia mlango.

Ee Bwana Yesu, uliyetukuta tumeanguka njiani nawe hukupita, utupe macho ya kuona na miguu ya kusimama, ili tuipate amani yako. Amina.